Ujumbe Mzito Unakuja

Ilikuwako nchi, na msomaji asijisumbue kuitafuta jirani, iliyoitwa Nyamavu. Watu wake walikuwa wapole, barabara zake zilifagiliwa asubuhi na jioni, na mashairi yake yote yalikuwa na dhamira moja moja. Si mbili. Moja. Shairi la mvua lilikuwa na dhamira ya uzalendo. Hadithi ya mtoto yatima ilikuwa na dhamira ya usafi wa mazingira. Ngano ya sungura na fisi nayo ilikuwa ya uzalendo, maana Wizara ya Dhamira iliona hakuna ubaya jambo jema likirudiwa.

Zamani walimu walikuwa wakifundisha kwamba kazi ya fasihi huweza kuwa na dhamira kuu na dhamira ndogondogo. Wizara ikakaa, ikatafakari, ikauliza: hizi ndogondogo zinafanya nini humo ndani, na kwa nini zijifiche nyuma ya kubwa? Hakuna aliyejibu. Zikapigwa marufuku. Wakaguzi wakapita shule kwa shule kuzitoa. Mwalimu mmoja alikutwa na dhamira ndogo tatu ndani ya wimbo wa kubembelezea mtoto. Tangu siku hiyo hakuonekana, ingawa kila asubuhi jina lake liliitwa na walimu wenzake wakaitikia kwa pamoja, "Yupo!"

Basi wazazi wa Nyamavu, mtoto akianza shule, walimfundisha mambo matatu: kunawa mikono, kuvuka barabara, na kutoona kitu kwenye shairi.

Siwatu alikuwa mzazi wa namna hiyo. Alikuwa mkuu wa jiko la hospitali ya wilaya, mwanamke wa kusema neno mara moja na kuondoka. Alikuwa na stashahada ya lishe, na kutokana na elimu hiyo aliamini kwamba ugali ni ugali, maharage ni maharage, na anayetafuta kingine ndani ya maharage atakutana na mawe. Alikuwa na binti mmoja, Hidaya, wa darasa la saba, na mume aitwaye Kondo, ambaye alikuwa mtu mzuri sana pasipokuwa na hatari.

Siku ya mtihani wa mwisho wa fasihi, Hidaya alirudi nyumbani akirukaruka. Siwatu alikuwa jikoni anakuna nazi.

"Mama, mtihani wa leo mtamu!"

"Mtihani si mtamu. Ulikuwa rahisi au mgumu?"

"Mtamu. Ametoka yule kuku."

Kuku mwenyewe alijulikana nchi nzima. Kila mtoto alimsoma, na ubeti wake wa kwanza ulikuwa hivi:

*Kuku kakalia mawe, adhania ni mayai,*
*Kutwa kucha hapo awe, kiotani hasinyai,*
*Akitishiwa na mwewe, hatoki na hashangai,*
*Subira na isifiwe, mwenye nayo hakatai.*

Dhamira yake, kwa mujibu wa Wizara, ilikuwa subira.

"Sawa," alisema Siwatu. "Ukaandika subira."

"Kwenye dhamira nimeandika subira. Lakini swali la pili lilikuwa, 'Shairi hili lina ujumbe gani?' Hapo, mama, nimeandika mpaka nikaomba karatasi nyingine."

Mkono wa Siwatu ukasimama juu ya mbuzi ya nazi. Katika nchi ya Nyamavu hakuna mtoto aliyewahi kuomba karatasi nyingine.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba kuku amekalia mawe. Sasa hata akivumilia mpaka manyoya yaishe, mawe hayaanguliwi. Angeinuka kidogo tu, akachungulia."

"Ukaishia hapo."

"Hapana. Nikamalizia, 'Kwa hiyo, shairi hili lina ujumbe mzito unaokwenda moja kwa moja kwa viongozi.'"

Siwatu aliinuka, akafunga mlango wa nyuma, akafunga na wa mbele. Halafu akarudi akamshika binti yake mabega.

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Hakuna. Nimemwona tu kuku."

"Hukumwona."

"Nimemwona, mama. Amekaa pale."

"Hidaya! Mtu yeyote akikuuliza, hukuona kuku. Uliona subira. Sema."

"Niliona subira," alisema Hidaya kwa sauti ndogo, kwa sababu hakuwahi kumwona mama yake akitetemeka kabla ya hapo.

Yaliyoifuata karatasi ile Siwatu alikuja kuyajua baadaye, vipande vipande. Msahihishaji wa kwanza aliisoma, akaelewa, na kwa kuwa alielewa akashikwa na homa. Angeandika alichoelewa, angekuwa ameukiri ule ujumbe. Basi alipiga mstari mwekundu chini ya neno "ujumbe" akampelekea mkubwa wake. Mkubwa naye akaelewa, akapiga mstari wa pili, akapeleka juu. Karatasi ikapanda hivyo, mstari baada ya mstari, kila mtu akiogopa kuwa wa kwanza kusema, mpaka ikafika mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyewahi kusoma shairi. Mahali hapo paliitwa Idara ya Wageni Wasioalikwa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna kikundi cha watu kinachokwenda kuwaona wakubwa bila kuitwa.

Maofisa wa Idara walisoma sentensi ya mwisho, iliyopigiwa mistari mingi kuliko zote. Ujumbe. Mzito. Unakwenda moja kwa moja kwa viongozi.

Wakabonyeza king'ora.

Walikuja mchana, kwa gari la kijani lisilo na namba. Aliyeshuka kwanza aliitwa Afande Kigumba, mtu mwenye shingo nene na sauti ya kusoma matangazo. Kondo alikuwa kibarazani na singlendi yake, anakata kucha. Alipoliona gari alisimama wima.

"Wewe ndiye mwenye nyumba hii?"

"Mimi?" alisema Kondo. "Mimi mgeni hapa. Nimepita kuomba maji." Akaondoka vivyo hivyo, na kandambili moja mguuni, na asirudi mpaka kesho yake.

Afande Kigumba aliingia sebuleni, akakaa bila kukaribishwa.

"Mama, sina muda. Ujumbe uko wapi?"

Siwatu aliegemea kabati. "Ujumbe gani, afande?"

"Ule mzito. Wa binti yako."

"Umo kwenye shairi, afande."

Afande aliwatazama wenzake. Mmoja akaandika. "Umejificha ndani ya shairi?"

"Haujajificha. Anayesoma ataukuta."

"Wangapi?"

"Eti?"

"Ni wangapi, mama? Usinipotezee muda."

"Ni mmoja tu," alisema Siwatu, akijitahidi kuupunguza kadiri alivyoweza.

Afande Kigumba akacheka kwa pua. "Mama, unadhani mimi mtoto? Mmoja hawezi kuwa ujumbe. Mmoja ni mjumbe. Nauliza ujumbe mzima, watu wangapi, nani kiongozi wao, na kwa nini unaitwa mzito. Wamebeba nini?"

Siwatu alielewa, polepole, kama mtu anayesikia maji yakiingia ndani ya nyumba gizani, kwamba watu hawa walikuwa wanatafuta watu.

Hidaya alitokea mlangoni. "Afande, ujumbe si watu. Ni yale maf..."

"Nyamaza!" Siwatu alipiga kelele mpaka majirani wakafunga madirisha.

"Mwache aseme," alisema Afande.

"Ana homa," alisema Siwatu. "Tangu asubuhi anaweweseka."

Afande Kigumba alimtazama mtoto, halafu akasimama. "Basi atapumzika kwetu. Binti yako peke yake ndiye anayeujua ujumbe huu. Atakaa nasi Bweni la Utambuzi mpaka ufike, ili autambue. Ukifika, atarudi."

"Na usipofika?"

Afande alifikiri, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. "Hapo atakuwa ametoa taarifa ya uongo kwenye mtihani wa taifa. Hilo si la idara yetu. Hilo lina idara yake."

Hakusema idara hiyo inaitwaje. Hidaya alivaa viatu vya shule kana kwamba anakwenda darasani, akapanda gari la kijani, na mama yake akabaki amesimama mlangoni na mkono mmoja hewani.

Kuanzia siku hiyo Nyamavu ililala macho. Vizuizi viliwekwa njia zote za kwenda mjini. Watu waliotembea watatu watatu waliulizwa, "Nyinyi ni ujumbe?" wakajibu, "Hapana, ni ndugu," wakaambiwa wathibitishe kwa kugombana. Wazee wanne waliokuwa wakipeleka posa walikamatwa wakiwa na kanzu mpya na mkeka, na waliposema kwamba wametumwa na upande wa bwana harusi, hali yao ikawa mbaya zaidi. Redioni waziri mmoja aliwatoa watu hofu. Alisema hakuna ujumbe wowote unaokuja, na kwamba ukija utapokelewa, na kwamba yeye mwenyewe atakuwa safarini.

Siwatu hakulala. Alikwenda kazini, akapima mchele wa wagonjwa, akarudi, akakaa mbele ya kitanda kitupu. Mwishowe alimwendea Mwalimu Songoro, aliyemfundisha Hidaya fasihi. Alimkuta nyuma ya nyumba yake analisha bata.

"Mwalimu, wewe unajua maana ya ujumbe. Njoo uwaeleze wale watu ni neno la darasani tu. Mtoto aachiwe."

Mwalimu Songoro aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia hata bata. "Mama Hidaya, mimi sasa nafundisha vina na mizani tu. Maudhui niliacha. Daktari alinikataza."

"Nisikilize. Umsomeshe mtoto wa mwenzio halafu umwache ndani?"

"Shusha sauti, nakuomba!" Alimvuta mpaka ukutani. Alikuwa anatoka jasho. "Tuseme nimekwenda. Nimewaambia, 'Waheshimiwa, ujumbe maana yake si watu.' Wataniuliza, 'Kumbe ni nini?' Niwaambie, ni mafunzo. Wataniuliza, 'Mafunzo gani haya mazito, yanayokwenda kwa viongozi?' Sasa hapo, mama, niseme nini? Nimtaje kuku? Leo wanatafuta watu. Wakijua kwamba si watu, watalisoma lile shairi. Na siku watakayolisoma..." Hakumaliza. Alipitisha kidole mbele ya shingo ya bata aliyekuwa mkononi mwake, na bata akapiga kelele.

Siwatu alisimama pale. Hofu aliyokuja nayo ilikuwa ya aina moja. Aliyoondoka nayo ilikuwa ya aina nyingine, baridi zaidi. Ujinga wa wale watu ndio uliokuwa ukimlinda mwanawe. Ukiuondoa, umemuua.

Njiani akaamua. Wanataka watu? Watapata watu.

Wanawake wa mtaa walikutana kwake saa ya kupika, kwa kisingizio cha kuchambua mchele. Walikuwa wengi mwanzoni. Aliposema neno "ujumbe" mmoja alikumbuka ameacha chungu jikoni, mwingine akakumbuka hana hata chungu, na waliobaki wakawa saba pamoja naye. Miongoni mwao alikuwa Mama Fumo, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye akikaa kwenye benchi wenzake huinuka upande wa pili. Na Bi Mize, bibi mkunga, aliyekuwa na masikio mabovu lakini hakukosa mkutano.

"Tunakwenda kusema nini?" aliuliza Mama Fumo.

"Hakuna."

"Eh! Ujumbe usio na ujumbe?"

"Ndio unaoruhusiwa. Tunafika, tunaonekana, Hidaya anatutambua, tunarudi. Msinisemee kuku, msinisemee mayai, msinisemee bei ya kitu chochote."

"Na wakituweka ndani?"

Siwatu hakuwa mtu wa kuwadanganya wenzake. "Wakituweka, tumewekwa. Asiyetaka aondoke sasa, simlaumu. Nina mtoto mmoja."

Hakuna aliyeondoka, ingawa mmoja alilia. Bi Mize alisogeza shingo mbele. "Anasema tunakwenda wapi?"

"Kwa wakubwa, bibi!"

"Kwa makaburi?"

"Kwa WAKUBWA!"

"Haya, ni kulekule," alisema Bi Mize, akaendelea kuchambua mchele.

Likabaki jambo moja. Karatasi ilisema ujumbe ni mzito, na Idara ilijulikana kwa kuchukua maneno kama yalivyo. Basi asubuhi ya safari kila mmoja alivaa kanga juu ya kanga, gauni juu ya gauni, na ndani ya mikoba wakatia mawe ya kusagia. Mama Fumo peke yake aliambiwa aje kama alivyo.

Kwenye kizuizi askari aliuliza, kama alivyouliza watu wote, "Nyinyi ni ujumbe?"

"Ndio," alisema Siwatu.

Askari alikuwa hajafundishwa la kufanya kwa jibu hilo. Alipiga saluti, akaacha bunduki ukutani, akakimbia.

Walipofika Jumba la Mapokezi walikuta zulia limekwisha kutandikwa, maana katika Nyamavu hofu na heshima zilitunzwa stoo moja na mara nyingi ilitolewa iliyokuwa karibu na mlango. Maofisa walijipanga pande mbili. Mezani alikaa Mheshimiwa Dokta Mwinyipembe, Katibu wa Kudumu na wa Kuendelea Kudumu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kile tangu Siwatu akiwa msichana. Uso wake ulikuwa wa majivu. Kumbe naye alikuwa anaogopa. Jambo hilo halikumfariji Siwatu hata kidogo. Alikuwa amefanya kazi hospitali, na alijua mgonjwa anayeogopa ndiye anayeuma mkono wa muuguzi.

"Mlete mtambuzi," alisema Katibu.

Mlango wa pembeni ulifunguliwa, akaingia Hidaya kati ya askari wawili. Alikuwa amesukwa vizuri. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi. Hakuwa na jeraha hata moja, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Mtoto alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Afande Kigumba hakuwepo. Alikuwa amepandishwa cheo kwa kuugundua ujumbe, akapelekwa mbali, yeye na wenzake. Mle ndani hakuna aliyejua kwamba mwanamke aliyesimama mbele ndiye mama wa mtoto. Siwatu alijua kwamba ni lazima ibaki hivyo. Ujumbe unaokuja kumwombea mtu ni ujumbe wa madai, na wajumbe wa madai walikuwa na bweni lao.

"Binti," alisema Katibu, "tazama vizuri. Unautambua ujumbe huu?"

Hidaya akainua macho. Akamwona mama yake.

Siwatu hakuthubutu kupepesa jicho. Alisema moyoni tu: usiniite, mwanangu, usiniite, usiniite. Midomo ya Hidaya ikafunguka kwa ile herufi inayoanza maneno mimi, mama na maji, na Siwatu akahisi roho inamtoka kupitia nyayo.

"Mmm," alisema Hidaya. Akameza mate. "Mheshimiwa, ndio huu."

"Umeujuaje?"

Mtoto aliwatazama wanawake waliovimba kwa nguo, akamtazama Mama Fumo.

"Ni mzito."

Maofisa wakanong'ona, wakiridhika.

"Endelea."

"Na umekuja moja kwa moja. Na umefika."

"Hayo ndiyo yaliyoandikwa," alisema Katibu, akapumua. Kisha akasimama, akavaa miwani, akatoa hotuba. Alisema serikali ya Nyamavu ni sikivu, ina masikio mengi kuliko vichwa. Alisema milango yake iko wazi, na ndiyo maana ina walinzi. Alisema hakuna ujumbe uliowahi kufika na ukarudi haujapokelewa, na kwamba takwimu za waliorudi zinaandaliwa. Alipomaliza alikaa, akakunja mikono.

"Haya, kinamama. Semeni mlilokuja nalo."

Hili Siwatu hakulitarajia. Alidhani kufika kungetosha. Nyuma yake Mama Fumo alikuwa anahema kama mvukuto.

"Tumekuja kupongeza, Mheshimiwa."

Ukumbi mzima ukalainika. "Mmekuja kupongeza!" alisema Katibu, na rangi ikaanza kumrudia. "Mnapongeza nini?"

Siwatu alitafuta. Alifikiria barabara, akakumbuka mashimo. Alifikiria hospitali, akakumbuka anachowapikia wagonjwa na anachokosa. Alifikiria maji, shule, taa. Kila alichogusa kilikuwa na tundu. Sekunde zikapita. Mmoja wa maofisa akatoa kalamu. Katibu akaegemea mbele, tabasamu likianza kukauka. Hidaya, kule ukutani, alikuwa amefumba macho.

"Tunapongeza kukaa kwenu," alisema Siwatu.

"Kukaa?"

"Kukaa, Mheshimiwa. Mmekaa. Jua linawaka, mmekaa. Mvua inanyesha, mmekaa. Watu wakasema, hamkushtuka. Mwingine angeinuka kidogo, akachungulia amekalia nini. Nyinyi hamkuchungulia hata mara..."

Akajisikia. Maneno yalikuwa yakitoka kinywani mwake, kwa sauti yake mwenyewe, na yalikuwa yale yale ya karatasi ya mtihani. Kanga zote alizovaa zikalowa. Aliona Hidaya amefumbua macho na anamtazama kwa mshangao mkubwa, kama mwalimu anayemwona mwanafunzi wa mwisho darasani amenyoosha kidole.

Hakuna aliyesogea. Katibu wa Kudumu alivua miwani. Akatoa kitambaa mfukoni. Akalia.

"Miaka yote hii," alisema, akijifuta, "hakuna aliyewahi kutuelewa hivi."

Wakapigiwa makofi. Wakapewa soda za baridi, wakazinywa meno yakigonga chupa. Mtambuzi akaruhusiwa kuondoka, kazi yake ikiwa imekwisha, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na gari la kumrudisha, Katibu aliuomba ujumbe umsaidie kumfikisha kwao. Siwatu alisema itakuwa heshima. Alimshika Hidaya mkono kama anavyoshikwa mtoto wa mtu. Walitembea hivyo mpaka walipovuka kizuizi, na hata walipokivuka waliogopa kukumbatiana, wakaendelea kutembea.

Wizara ya Dhamira haikupoteza muda. Mwongozo wa kusahihisha ulirekebishwa nchi nzima. Swali: "Shairi la kuku lina ujumbe gani?" Jibu sahihi: "Lina ujumbe wa kinamama saba," likifuatiwa na majina yao kamili. Watoto wakaimba majina hayo shuleni kila asubuhi. Siwatu alisikia jina lake likipita juu ya kuta, kwa sauti za watoto mia, na kila liliposikika aliangalia barabarani, maana Nyamavu hakuna jina lililoimbwa muda mrefu bila mwenye nalo kuulizwa kitu. Mama Fumo yeye alifurahi kidogo. Alisema angalau wamelitamka sawasawa.

Hidaya alifaulu. Akaenda kidato cha kwanza. Alikula, aliosha vyombo, aliitikia alipoitwa. Lakini kitu kimoja kilibadilika. Mwalimu akiwapa shairi, alilitazama kama unavyotazama ukuta.

"Umeona nini humo?" Siwatu alimwuliza alasiri moja, akikata bamia. Kitabu kipya kilikuwa wazi mezani.

"Sioni kitu, mama."

"Vizuri," alisema Siwatu.

Hili ndilo alilolitaka tangu mtoto anaanza darasa la kwanza. Alingoja furaha ije. Haikuja. Ilikuja hofu, nyingine tena, ambayo hakuijua jina. Hofu ya kumtazama mwanao amekaa mbele yako na ndani yake usimwone mtu.

Akakivuta kitabu, ili tu asimtazame usoni. Shairi jipya liliitwa "Ndoo Yaishukuru Kamba." Kila siku kamba huishusha ndoo kisimani, huipandisha imejaa, watu humwaga maji wakaenda zao, na ndoo, tupu, huiambia kamba ahsante. Dhamira, iliyochapwa chini kwa herufi nzito, ilikuwa shukrani.

Siwatu alisoma mara moja. Akarudi kwenye bamia. Akakata mbili, akasimamisha kisu.

Ndoo yenyewe hainywi.

Alifumba macho haraka. Akayafumbua. Ilikuwa bado ipo. Alinawa uso kwa maji ya kwenye beseni, akajifuta kwa kanga, akatazama tena, na sasa hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nyuma ya ile ya kwanza alianza kuona dhamira nyingine, ndogo, na nyuma ya hiyo nyingine tena. Mtu mzima, mwenye stashahada, akakigeuza kitabu kifudifudi.

"Mama? Umeona nini?"

"Hakuna."

Hidaya alimwangalia. Kisha akainuka, akafunga dirisha, akafunga mlango wa nyuma na wa mbele, akarudi kukaa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Kulikuwa na mtu ndani.

"Haya, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Usiogope. Tuanze na wahusika."